Kibarua wa Kikapu

Muhula uliopita, katika semina ya tafsiri, nilikabidhiwa makala ya michezo iliyoandikwa kwa Kiingereza niifasiri kwa Kiswahili sanifu. Makala yenyewe ilikuwa fupi, nami nilidhani ningeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Nikakwama katika sentensi ya pili. Mwandishi alikuwa amemwita mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu 'journeyman', yaani mchezaji wa kulipwa ambaye huhama kutoka timu hii hadi ile, msimu huu hapa, msimu ujao kule. Si nyota, wala si mchezaji mbovu. Kamusi niliyokuwa nayo mezani haikunifaa kitu. Siku ya kuwasilisha kazi nilisimama mbele ya wenzangu nikasoma: 'mchezaji mzururaji'. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Mhadhiri wetu, ambaye hacheki ovyo, aliniuliza swali moja tu: 'Mtu huyu analipwa au halipwi?' Nikajibu kwamba analipwa. 'Basi anazururaje?'

Nilirudi kitini nikiwa nimenywea. Kusahihishwa mbele za watu nimekuzoea. Kilichonichoma ni kwamba neno lile sikulitunga mimi. Ni neno la nyumbani kwetu. Kwa miaka mingi ndilo tulilomwitia kaka yangu, na aghalabu tulilitamka akiwapo.

Kaka alizaliwa mwaka 1987, mimi miaka kumi baadaye, na katikati yetu wamo dada wawili. Tulilelewa Manyatta, mjini Kisumu, na alipofika kidato cha pili tayari alikuwa akiinama ili aingie jikoni kwa mama. Kisumu ni mji wa kandanda. Mtoto wa kwetu huzisikia habari za Gor Mahia kabla hajajua kuhesabu, ilhali mpira wa kikapu ni mchezo wa shule, mchezo wa Maseno na nyinginezo zilizobahatika kuwa na uwanja wa saruji. Ukimaliza kidato cha nne, uwanja hubaki shuleni nawe hutoka langoni. Kaka alikataa kutoka. Miaka mitatu baada ya mtihani wake alikuwa bado akiruka ua jioni kwenda kutupa mpira katika pete isiyo na wavu, mpaka mlinzi akachoka kumfukuza na badala yake akawa anamwokotea mpira. Mwaka 2008 akapanda basi la usiku kwenda Nairobi, akiwa na mkoba wa bluu na viatu vya kuazima.

Yafaa nieleze kidogo jinsi mchezo huu unavyoendeshwa, maana wengi wetu wa idara za lugha hatuujui. Timu nyingi zilizotawala ligi ya Kenya kwa miaka hiyo hazikuwa za mitaa wala za miji. Zilikuwa za taasisi. Ilikuwapo ya jeshi, Ulinzi. Ilikuwapo ya mamlaka ya bandari, KPA ya Mombasa. Zilikuwapo za benki na za vyuo vikuu. Mchezaji mwenye bahati huajiriwa na taasisi yenyewe, akawa karani asubuhi na mchezaji jioni, na siku magoti yanapomsaliti bado ana dawati lake la kuegemea. Asiye na bahati hupewa posho: nauli, chakula, na kitu kidogo timu inaposhinda. Kaka alikuwa wa kundi la pili. Alichezea timu mbili za Nairobi, ya pili ikavunjwa mfadhili wake alipochoka. Mwaka 2012 akavuka mpaka wa Busia kwenda Kampala. Mwaka 2014 alikuwa Mombasa. 2015, Kigali, alikorudi na tabia ya kusema 'murakoze' kila alipopewa chai. 2017, Nairobi tena. Timu hizo sizitaji kwa majina, kwa kuwa mbili kati yake zingali zina deni lake.

Ukutani juu ya kitanda chake palikuwa na picha iliyokatwa gazetini. Rafiki zake walibandika Michael Jordan. Yeye alimbandika Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana wa mita 2.21, aliyezaliwa Februari 1987, mwaka uleule aliozaliwa kaka. Thabeet aliuanza mpira wa kikapu akiwa amekwisha kubalehe, akaenda Marekani, akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, na katika msimu wa 2008–09 wastani wake ulikuwa pointi 13.6 na kuzuia mitupo zaidi ya minne katika kila mchezo. Mwezi wa Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nakumbuka kaka alivyopiga simu kutoka Nairobi kumwambia mama kwamba mtu anayeota ndoto kwa Kiswahili amewatangulia vijana wote wa dunia isipokuwa mmoja. Mama akamwuliza kama amekula.

Yaliyofuata wapenzi wa mchezo huu wanayajua. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet aliteremshwa kwenda kuchezea Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo. Hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi kile kabla yake akapelekwa huko. Mwaka 2011 akauzwa Houston. Mwaka 2012 akauzwa Portland, na mwaka huohuo akasajiliwa Oklahoma City, alikokaa misimu miwili. Mwaka 2014 alipelekwa Philadelphia katika mabadilishano ya wachezaji, nao wakamwacha bila kumchezesha. Akaenda Grand Rapids, katika ligi ya chini. Kisha Yokohama, Japani, katika msimu wa 2017–18. Kisha Hsinchu, Taiwani, katika msimu wa 2020–21. Na umri wake ulipokuwa unakaribia miaka arobaini, akavaa jezi ya Dar City, katika mji aliozaliwa. Wastani wake katika NBA yote ni pointi 2.2 kwa mchezo, na waandishi wa michezo wa Marekani hawachoki kuandika orodha za walioteuliwa vibaya ambamo yeye hakosi.

Hapa ndipo ninapogombana na waandishi hao, na kwa kiasi fulani na sisi wenyewe tusomao fasihi. Sisi tumefundishwa umbo la maisha ya shujaa: kuzaliwa kwa ajabu, nguvu za kupindukia, safari, ushindi, na mwishowe kifo cha hila. Fumo Liyongo hafungi mkoba kwenda kuchezea mji mwingine kwa mkataba wa mwaka mmoja. Hatuna utanzu wa kumsimulia mtu ambaye baada ya kukosa ushindi huamka kesho yake, akafunga kamba za viatu, akaenda kazini, na akafanya hivyo kwa miaka kumi na mitano katika nchi nne. Kwa hiyo simulizi ya Thabeet huishia mwaka 2014, kana kwamba alizama baharini. Lakini hakuzama. Alikuwa Yokohama, analipwa ili azuie mitupo.

Ugomvi wa pili ninao na lugha yetu tukufu. Kitenzi chetu ni 'kucheza', na mtendaji ni 'mchezaji'. Mtoto anacheza. Asiyejali kazi anacheza na kazi. Ukitaka kumtisha mtu unamwambia usinifanyie mchezo. Halafu tunachukua kitenzi hichohicho tunambandika mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia kilomita nane, tunamwita 'mchezaji wa kulipwa', kisha tunashangaa mama yake asipoelewa anafanya nini. Mama yangu aliulizwa sokoni Kibuye kwa miaka kumi, 'Mwanao mkubwa anafanya kazi wapi?' Alikuwa akijibu, 'Yuko Kampala.' Yaani alijibu mahali, kazi akaiacha.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa ziwa ndio tusingepaswa kushangaa. Marehemu baba alikuwa baharia wa mashua za uvuvi, na hakuwahi kumiliki mashua hata moja. Alivua Dunga, akavua Usenge, akavua Mbita, akaenda mpaka kisiwa cha Remba. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu mashua hupumzika, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa kwa amri ya serikali. Baharia asiye na mashua hufuata samaki na hufuata mwenye mashua anayegawa vizuri. Mavuno huuzwa, gharama hutolewa, mwenye mashua huchukua lake, na kilichobaki mabaharia hugawana. Baba alibadilisha mashua zaidi ya mara ishirini, na sikumsikia mtu yeyote, awe jirani au shemeji, akimwita mzururaji. Kwa nini mwana aitwe, baba asiitwe? Nadhani ni kwa sababu baba alirudi na samaki, na samaki huonekana.

Kaka alirudi Kisumu mapema mwaka 2018. Goti la kushoto lilikuwa limekwisha. Julai mwaka huohuo Barack Obama alikuja Kogelo, upande wa Siaya, kufungua kituo cha vijana cha Sauti Kuu, wakfu wa dada yake Auma. Hapo kituoni palikuwa na uwanja mpya wa mpira wa kikapu, uliojengwa kwa msaada wa shirika la Giants of Africa. Kutoka Kisumu si mbali, lakini tulijua hatungepenya ulinzi ule, basi tukakaa nyumbani mbele ya runinga. Mtaa mzima ulimtazama Obama. Kaka alimtazama mtu mwingine aliyekuwa pale uwanjani, akanishika mkono: 'Mwone huyo. Huyo alikuwa kama mimi.'

Alikuwa Masai Ujiri, mwanzilishi wa Giants of Africa, wakati huo rais wa klabu ya Toronto Raptors. Mama yake ni Mkenya, baba yake Mnaijeria. Alizaliwa Uingereza, akakulia Zaria. Kabla ya kuwa mkubwa alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa Ulaya kwa takriban miaka sita, katika timu ambazo hata majina yake huwezi kuyapata bila kutafuta sana. Alipostaafu alianza kutafuta vipaji kwa niaba ya Orlando Magic bila mshahara. Mwaka 2010 akawa meneja mkuu wa Denver Nuggets, Mwafrika wa kwanza kushika cheo kama hicho. Mwaka 2013 akatunukiwa tuzo ya mtendaji bora wa NBA. Na mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya siku ile ya Kogelo, Toronto ilitwaa ubingwa.

Nilimtazama kaka nikamwonea huruma. Nilidhani anajifariji. Hata sasa sipendi kumtumia Ujiri kama ushahidi wa jambo lolote, kwa kuwa kwa kila Ujiri mmoja wapo mamia waliocheza miaka sita wakarudi makwao na goti bovu, basi. Lakini nimekuja kufahamu kwamba kaka hakuwa akikitazama cheo. Alikuwa akiitazama ile miaka sita.

Februari 2021, huko Yaoundé, timu ya taifa ya wanaume iliifunga Angola pointi 74 kwa 73, katika safari ya kufuzu kwa AfroBasket. Angola wakati huo walikuwa wamelitwaa kombe la Afrika mara 11, nasi hatukuwa tumeonekana katika mashindano hayo tangu mwaka 1993 tulipoyaandaa Nairobi. Kikapu cha mwisho kilitupwa na Tylor Ongwae sekunde za mwisho kabisa, mtu ambaye naye amekula mkate wake ughaibuni, Denmark kwa Bakken Bears miongoni mwa kwingine. Kaka aliitazama video ile katika simu yangu mara tisa. Mara ya kumi akanirudishia simu, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Sikumfuata. Sijui alilia au hakulia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka. Kwa desturi ya Waluo, mdogo hamtangulii mkubwa wake. Kaka mkubwa ndiye anayejenga simba, kibanda cha ujana, kabla ya mdogo wake. Ndiye anayeoa kwanza. Na ndiye anayetoka kwanza kwenda kuanzisha boma lake. Kukiuka ni kuita chira, na hata sisi wenye shahada, tunaojifanya hatuamini, hatupendi kulijaribu jambo hilo kwa mama zetu. Kaka hakuwahi kujenga. Nafasi ya simba yake, upande wa kushoto wa lango la boma letu kijijini, imeota nyasi tangu mwaka 2008. Mimi nina mchumba, na wazazi wake wameuliza zaidi ya mara moja.

Krismasi ya mwaka juzi, kijijini, baada ya chakula, nilimwambia kaka maneno ambayo laiti ningeweza ningeyarudisha kinywani. Nilimwambia amezunguka Afrika Mashariki yote kwa miaka kumi, ametuletea nini? Nilimwambia nyasi zimeota. Mama alikuwapo. Baba mdogo alikuwapo pia, akajifanya anatafuta redio.

Kaka hakujibu. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti, wa bati, ule wa mviringo, akauweka mezani mbele yangu, akarudi kukaa. Ndani mlikuwa na karatasi na kadi. Vitambulisho vya mchezaji vya misimu tofauti, picha ya kila kimoja ikionyesha mtu yuleyule aliyezidi kukonda mashavu. Tiketi za basi za Kisumu na Kampala. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye muhuri, ikiahidi malipo ambayo hayakulipwa. Kadi ya hospitali ya Kigali. Na katikati ya hayo, stakabadhi mbili za benki za mwaka 2013, za karo ya shule, zenye jina langu. Nilikuwa kidato cha tatu mwaka ule. Nilikumbuka vizuri kwamba nilifukuzwa karo muhula wa kwanza, na kwamba muhula wa pili na wa tatu sikufukuzwa. Miaka yote nilidhani mama aliuza ng'ombe. Nilimtazama mama, naye akatazama mkebe. Alikuwa akijua.

Si karo yangu yote. Nisije nikamfanya kaka kuwa kile ambacho yeye mwenyewe hajidai kuwa. Ni mihula miwili. Mihula mingine mama aliilipa kwa omena za Kibuye, na mmoja baba mdogo. Lakini nilizishika zile karatasi mbili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuzisoma.

Wanafunzi wa Kiswahili wanajua neno 'kibarua' limetoka wapi. Ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha kwamba amefanya kazi ya siku na anastahili ujira wa siku. Baadaye jina likahama kutoka kwa karatasi likamwangukia mtu. Na lile neno la Kiingereza lililonikwamisha, ukilichimba, unakuta siku ya kazi ya Kifaransa: fundi aliyekwisha hitimu lakini hana karakana yake, anayelipwa kwa siku. Nilikuwa na neno hili kinywani tangu utotoni. Nililipita nikaenda kuchukua 'mzururaji'.

Niliwasilisha tafsiri upya: 'kibarua wa kikapu'. Mhadhiri wetu aliizungushia duara kwa wino mwekundu akaweka alama ya kuuliza, kisha pembeni akaandika kama neno hilo halina kejeli. Ni swali la haki. Mtu mwenye kuajiriwa kwa kudumu husema 'mimi si kibarua' kwa kiburi, nami sina hakika kwamba msomaji wa gazeti atasikia fundi pale ninaposikia fundi mimi. Mwenzangu wa Pemba alipendekeza 'fundi mkodiwa', ambalo lina heshima zaidi, ila linanukia ofisi. Bado tunabishana.

Nilimpigia kaka kumwuliza. Siku hizi anawafundisha vijana wa mtaani jioni, katika uwanja uleule wa kuruka ua, ingawa sasa anaingilia langoni. Nikamweleza habari ya karatasi na ujira wa siku. Akafikiri kidogo. 'Lakini omera,' akasema, 'kibarua hulipwa jioni. Mimi wengine hawajanilipa mpaka leo.'

Kisha akaniuliza kama posho yangu ya masomo imeingia. Mabati yanayotakikana ni 30, amezungumza na fundi, na tukiyanunua Kibuye yatapata gari la kwenda kijijini Jumatatu.